Je, Wajua? Nyumba Inayojipigia Yowe

Pita Kisasa, Ilazo au Nzuguni, kisha endelea na barabara ya kuelekea Mji wa Serikali wa Mtumba, uone nyumba zinavyochipuka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika iliyokuwa Manispaa ya Dodoma. Ile ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000 katika Jiji. Nyingi ya nyumba hizi mpya zimejiandaa kumkabili mwizi: ukuta mrefu, geti la chuma, nondo madirishani, nyaya za umeme juu ya uzio, na katika baadhi yake mfumo wa alamu uliounganishwa na kampuni ya ulinzi. Moto, ambao hauhitaji kuruka ukuta kwa sababu huanzia ndani, mara nyingi haujaandaliwa chochote.

Lakini mfumo ule ule unaomngoja mwizi unaweza kufundishwa kuusikia moshi na kumwita mtu hata kama nyumba haina mtu. Haya ndiyo mambo ya kushangaza, na ya kuokoa maisha, kuhusu kazi hiyo.

1. Je, wajua kwamba moshi hutangulia kuua?

Wengi wanaofariki katika moto wa nyumba huuawa na moshi kabla moto haujawafikia. Godoro la sponji na kochi la kisasa vimetengenezwa kwa malighafi zitokanazo na mafuta ya petroli. Vikiungua hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, pamoja na sianidi ya hidrojeni ambayo ni sumu kali. Kaboni monoksidi hung'ang'ania chembe nyekundu za damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inaendelea kuzunguka, lakini haibebi tena hewa ya kutosha, na aliyelala huzidiwa humo humo usingizini.

Muda wa kujiokoa nao umepungua. Majaribio ya Underwriters Laboratories ya Marekani yameonyesha kwamba miongo minne iliyopita familia ilikuwa na takriban dakika 17 za kutoka nje tangu moto uanze. Leo ni dakika 3, pengine pungufu. Kilichobadilika ni vitu tulivyojaza sebuleni na vyumbani.

2. Je, wajua kwamba pua hulala nawe?

Watu wengi huamini kwamba nyumba ikianza kuungua wataamshwa na harufu. Uchunguzi wa usingizi uliofanywa Marekani na kuchapishwa 2004 ulionyesha kwamba harufu, hata ikiwa kali, haitegemewi kumwamsha mtu aliyezama usingizini. Sikio ndilo linalobaki zamu. Ndiyo maana kitambuzi cha moshi hulia kwa nguvu ya desibeli 85 kwa umbali wa mita 3.

Hata hivyo sikio la mtoto si kama la mtu mzima. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, waliwajaribu watoto 34 wakiwa wamelala. 27 kati yao waliendelea kulala ingawa king'ora kililia tena na tena. Sauti nzito zaidi iliyochanganywa na maneno ya mwanamke ilifanya kazi vizuri kuliko mlio mwembamba tuliouzoea. Funzo kwa mzazi ni hili: king'ora ni cha kukuamsha wewe, ili wewe ukamwamshe mtoto. Kikiwa korido ya mbali nawe ukiwa umefunga mlango, hakijafika kwa anayehitajika.

Kwa viziwi, Wajapani walibuni king'ora kinachopuliza hewani ukali wa wasabi, kiungo chao cha kijani kinachochoma pua kama haradali. Kinachomwamsha mtu hapo si harufu, ni mwasho. Uvumbuzi huo ulipewa tuzo ya Ig Nobel ya kemia mwaka 2011. Njia iliyoenea zaidi ni kifaa kinachotikisika chini ya mto wa kulalia, nacho pia huweza kuunganishwa na mfumo wa nyumba.

3. Je, wajua kwamba kitambuzi cha moshi kilizaliwa kwa bahati?

Mwishoni mwa miaka ya 1930, mwanafizikia wa Uswisi, Walter Jaeger, alikuwa akitafuta kifaa cha kunasa gesi ya sumu. Kifaa kilikataa kabisa kuigundua gesi ile. Inasimuliwa kwamba alipowasha sigara, mshale wa kipimo chake ukatikisika: moshi wa sigara ulifanya kile ambacho gesi ilishindwa kufanya.

Vitambuzi vya aina hiyo hutumia chembe ndogo mno ya elementi ya ameresi-241 (americium), chini ya sehemu moja ya milioni ya gramu, ambayo mionzi yake huipa hewa uwezo wa kupitisha umeme kidogo. Moshi ukiingia, umeme ule hupungua na king'ora hulia. Elementi hiyo yenyewe iligunduliwa 1944, na ulimwengu ulisikia habari zake Novemba 1945 katika kipindi cha redio cha watoto nchini Marekani, pale mtoto mmoja alipomuuliza mwanasayansi Glenn Seaborg kama kuna elementi mpya zilizopatikana.

Aina ya pili, inayopendekezwa zaidi leo kwa vyumba vya kulala, hutumia mwanga. Ndani yake mna chumba kidogo cheusi chenye taa ndogo ya LED na jicho la umeme ambalo mwanga ule haulifikii. Chembe za moshi zikiingia, hutawanya mwanga na sehemu yake huangukia jicho. Aina hii huwahi kuona moto unaofukuta polepole, kama wa godoro lililoangukiwa na kaa la moto. Ile ya ameresi huwahi moto wenye miali.

4. Je, wajua kwamba kupeleka habari ya moto kwa waya ni kazi ya mwaka 1852?

Mwaka huo mji wa Boston, Marekani, ulizindua mfumo wa kwanza wa kengele za moto kwa telegrafu, kazi ya daktari William Channing na fundi wa umeme Moses Farmer. Masanduku yaliwekwa mitaani. Aliyeona moto alizungusha mkono wa sanduku, nalo likatuma namba yake hadi kituo kikuu. Namba ndiyo iliyowaambia zimamoto waende wapi.

Uwanda wetu wa kati ulikuwa na mtandao wake usio na waya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Sungusungu, ulinzi wa jadi wa wanavijiji, ilipoanza Unyamwezini na Usukumani, yowe lililopigwa na mji mmoja lilipokewa na mji wa pili, likasafiri kutoka kijiji hadi kijiji, na vijana wakatoka. Aliyelisikia akakaa kimya alitozwa faini. Wahenga walishasema kwamba la mgambo likilia lina jambo; Sungusungu waliongeza kwamba anayelisikia ana wajibu. Nguzo za mfumo wa kisasa ni zile zile: kuna anayegundua, kuna njia ya kupeleka habari, na kuna aliyefungwa na wajibu wa kuitikia. Ikikosekana moja, kelele zote ni za bure.

5. Je, wajua kwamba waya wa kitambuzi huwa "unahesabiwa" kila wakati?

Hapa ndipo penye akili kubwa ya mfumo, na ndipo fundi asiye makini huharibu.

Paneli ya alamu ya nyumbani kwa kawaida huendesha vifaa vyake kwa volti 12. Kitambuzi cha moshi kinachounganishwa nayo mara nyingi huwa na nyaya nne: mbili za kukipa umeme, mbili za kupeleka habari. Katika zile mbili za habari, paneli hupitisha umeme kidogo sana bila kukoma. Mwishoni kabisa mwa waya, ndani ya kitambuzi cha mwisho, hufungwa rizista ndogo, yaani kipande kinachozuia umeme kwa kiasi maalumu. Kwa rizista hiyo paneli huweza kutofautisha mambo matatu. Umeme ukipita kwa kiasi kilichopangwa, mambo ni salama. Ukiongezeka ghafla, kitambuzi kimefunga mzunguko: kuna moshi. Ukikatika kabisa, waya umekatwa, na paneli hutoa onyo la hitilafu. Panya wa darini akitafuna waya usiku, utajua asubuhi, si siku ya moto.

Sasa angalia kosa hili. Baadhi ya mafundi huifunga rizista ndani ya boksi la paneli kwa sababu ni rahisi, badala ya kuipeleka mwisho wa waya. Taa itawaka ya kijani na kila kitu kitaonekana sawa, lakini waya hata ukikatwa wote paneli haitajua, maana inaipima rizista iliyo tumboni mwake. Kabla hujamlipa fundi, mwombe achomoe waya mmoja kwenye kitambuzi cha mwisho mbele yako. Paneli isipolalamika, kazi haijaisha.

Jambo jingine la nyaya: vitambuzi vinavyotumia umeme wa TANESCO wa volti 230 visiungwe moja kwa moja na paneli ya volti 12. Lazima kati yake iwepo relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na kazi ifanywe na fundi aliyesajiliwa.

6. Je, wajua kwamba upande wa moto haupaswi kuzimwa?

Alamu ya mwizi huwashwa unapotoka na kuzimwa unaporudi. Moshi hauna ratiba hiyo. Kwa hiyo katika kupanga paneli, vitambuzi vya moshi huwekwa katika eneo la saa 24: hata ukizima alamu kwa namba yako ya siri, vyenyewe hubaki macho. Na mlio wake hutofautishwa na wa mwizi. Kiwango cha kimataifa ni milio mitatu, kimya kidogo, kisha mitatu tena. Wafundishe watoto tofauti hiyo, kwa sababu kwa mwizi unajifungia ndani na kwa moto unatoka nje.

7. Je, wajua kwamba LUKU na salio vinaweza kuunyamazisha mfumo mzima?

Kila mwenye nyumba anajua umeme unavyokatika, na uniti za LUKU zinavyoisha usiku wa manane. Paneli nzuri huwa na betri ya akiba. Kiwango cha Marekani kinachoitwa NFPA 72 hudai betri ya mfumo wa nyumbani iweze kuubeba kwa saa 24 na bado ibaki na nguvu ya kupiga king'ora. Betri hizi huchoka baada ya miaka michache, hivyo zinahitaji kupimwa na kubadilishwa.

Njia ya kupeleka habari nayo ina udhaifu wake. Mifumo mingi hapa hutumia redio ya kampuni ya ulinzi au laini ya simu iliyo ndani ya paneli. Laini hiyo ni laini kama ya simu yako: inahitaji salio au kifurushi, usajili halali na mtandao unaosomeka pale paneli ilipofungwa. Mfumo uliopangwa vizuri hutuma ishara ya "nipo" kwa kituo mara kwa mara. Ishara ikikosekana, kituo hukupigia. Iulize kampuni yako ishara hiyo hutumwa kila baada ya muda gani, na kama kuna njia ya pili ya kwanza ikishindwa.

8. Je, wajua kwamba namba ya nyumba ni sehemu ya king'ora?

Fikiria mwenye nyumba yuko ndani ya treni ya SGR kuelekea Dar es Salaam na watoto wako shule. Waya wa friji unaanza kufuka moshi. Kwa sekunde chache, mhudumu wa kituo cha uangalizi huona kwenye kompyuta yake jina la mteja, anwani, na chumba kilichopiga king'ora. Hupiga simu kuhakiki, hutuma gari la doria, na hupiga 114, namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Jeshi hili ni la kitaifa kwa Sheria Na. 14 ya 2007, liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na makao makuu yake yako hapa Dodoma.

Kinachobaki ni gari kuifikia nyumba. Kwa miaka mingi maelekezo yetu yalikuwa "pita msikiti, kata kushoto kwenye mwembe". Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022, iliyofanyika kabla ya sensa ya Agosti mwaka huo, ilizipa nyumba namba na barabara majina. Kibao kile kidogo ukutani ndicho masanduku ya Boston yalichokuwa nacho tangu 1852. Hakikisha namba iliyo kwenye kibao chako ndiyo iliyo kwenye kompyuta ya kampuni yako ya ulinzi, na kwamba gari kubwa linaweza kupita hadi getini.

9. Je, wajua kwamba king'ora kimoja hakikutosha London?

Usiku wa 14 Juni 2017, king'ora cha moshi jikoni kilimwamsha mkazi mmoja wa ghorofa ya 4 ya jengo la Grenfell. Alitoka, akapiga simu ya dharura, akagonga milango ya majirani. Kifaa kilifanya kazi yake sawasawa. Lakini jengo lile la ghorofa 24 halikuwa na king'ora cha pamoja cha kuwaamsha wakazi wote. Watu 72 walifariki, wakiwemo wenye asili ya Pembe ya Afrika.

Baada ya msiba huo Scotland ilipitisha kanuni, iliyoanza Februari 2022, kwamba kila nyumba iwe na vitambuzi vilivyounganishwa: kimoja kikilia, vyote vilie. Uingereza yenyewe (England) ilikuwa imewataka wapangishaji binafsi tangu Oktoba 2015 waweke walau kimoja kila ghorofa, na Ufaransa iliagiza kila makazi yawe nacho kuanzia Machi 2015. Ndugu zetu wanaopanga huko wana haki ya kukidai.

10. Je, wajua kwamba vumbi na kumbikumbi wanaweza kupiga king'ora?

Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ina msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu chenye upepo na vumbi. Vumbi likijaa katika chumba cha kitambuzi cha mwanga hutawanya mwanga kama moshi. Kumbikumbi wanaotoka mvua zinapoanza hufanya vivyo hivyo. Kifaa kikisumbua mara tatu, mtu hukiondoa betri, na hapo ndipo hatari huanza: takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba karibu vifo vitatu kati ya vitano vya moto wa nyumba hutokea mahali pasipo na kitambuzi, au penye kitambuzi kisichofanya kazi. Kisafishe kwa brashi laini kila baada ya miezi michache, hasa mwisho wa kiangazi.

Jiko nalo lina mahali pake. Katika tembe la Wagogo, lenye kuta za fito na udongo na paa bapa la udongo, moshi wa kuni ulikuwa sehemu ya maisha ya ndani. Kitambuzi cha moshi pale kingelia mchana kutwa. Hata katika nyumba ya leo, kiweke walau mita 3 kutoka jikoni. Jikoni kwenyewe weka kitambuzi cha joto, ambacho kwa kawaida hungoja takriban nyuzi 57. Usikitundike darini chini ya bati la Dodoma, ambapo jua pekee hupandisha joto sana. Huko hutumika chenye kiwango cha juu zaidi.

Na kuna hatari mbili ambazo kitambuzi cha moshi hakizioni. Ya kwanza ni jiko la mkaa linaloingizwa chumbani katika baridi ya Juni na Julai. Makaa yaliyokolea hayatoi moshi, lakini hutoa kaboni monoksidi. Usilale nalo kamwe. Na kama una mfumo wa alamu, ongeza kitambuzi cha gesi hiyo. Ya pili ni gesi ya mtungi, ambayo sasa inahimizwa kote nchini katika kampeni ya nishati safi ya kupikia. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, kwa hiyo kitambuzi chake hufungwa chini karibu na sakafu, si darini.

11. Je, wajua kwamba bweni ndilo linalohitaji mfumo huu kuliko nyumba yoyote?

Juni 1994, wasichana 42 walifariki katika bweni la Shauritanga, Rombo. Septemba 2020, watoto 10 walifariki Shule ya Msingi ya Kiislamu Byamungu, Kyerwa. Septemba 2024, wavulana 21 walifariki Hillside Endarasha, Nyeri, Kenya. Mioto hiyo yote ilikuwa ya usiku, watoto wakiwa wamelala. Tumeshaona kwamba mtoto haamki kirahisi kwa king'ora. Basi king'ora cha bweni kisiishie bwenini. Kipelekwe kwa waya au redio hadi nyumbani kwa matroni, kwa mlinzi wa getini na kwa mkuu wa shule. Mkoa wa Dodoma una shule nyingi za bweni, na mzazi ana haki ya kuuliza katika kikao: moshi ukianza saa nane usiku, nani ataamka kwanza, na ufunguo wa mlango uko wapi?

Swali hilo la ufunguo linahusu kila nyumba. Nondo zinazomzuia mwizi humzuia pia anayekimbia moto. Katika kila chumba cha kulala, dirisha moja liwe na grili ya bawaba inayofunguka kwa ndani, na ufunguo wake utundikwe mahali ambapo hata mtoto anaufikia gizani. Mfumo wa alamu hukununulia dakika; dirisha na mlango ndivyo vinavyozitumia.

Kabla ya wiki hii kuisha

Kama tayari una alamu ya mwizi, mpigie fundi umuulize gharama ya kuongeza kitambuzi cha moshi kwenye korido ya vyumba vya kulala, kimoja kila chumba, na cha joto jikoni. Kama huna alamu, anza na kitambuzi kimoja cha betri karibu na unapolala. Bonyeza kitufe cha majaribio kila mwezi, ukiwa umewaarifu kituo cha uangalizi, na uhakikishe ishara imewafikia. Soma tarehe iliyo mgongoni mwa kifaa. Baada ya miaka 10 kibadilishe. Hifadhi 114 katika simu ya kila mtu nyumbani, akiwemo dada wa kazi na mlinzi. Kisha kubalianeni mtakutana wapi nje, na mfanye zoezi hilo usiku, taa zikiwa zimezimwa.